Koni ya Bosi: Nani Apaki Bure Pale Halmashauri?

"Shikamoo kaka. Mimi ni mtumishi wa halmashauri moja huku kwetu kaskazini. Tumeambiwa mwaka mpya wa fedha ukianza tutalipia maegesho hata pale mbele ya ofisi yetu wenyewe. Yaani natozwa kwa kuja kazini! Nisaidie hoja za kuwapelekea wakubwa. Na wale wenye nafasi zao tangu zamani, watafanywaje?"

Marahaba mdogo wangu. Nitakuvunja moyo kidogo, halafu nitakupa hoja. Nyingi ya zile mnazopeana kwenye kundi la WhatsApp la ofisi hazisimami. Ipo moja inayosimama, nayo ni hii: nafasi ya kupaki ipewe kazi, isipewe cheo. Ukiishika hiyo utapata zaidi ya ulichoomba, ingawa wapo wenzako watakaoacha kukusalimia. Ushauri huu una tabia hiyo.

Tuanze na ardhi, maana hapo ndipo hesabu huharibika. Gari la kawaida linataka mita 2.5 kwa 5. Mtu anashika tepu, anapima ua wa mita za mraba 1,000, anagawa kwa 12.5, anaandika kwenye taarifa kwamba yanaingia magari 80. Hayaingii. Magari yaliyopangwa kwa pembe mraba yanahitaji njia ya mita 6 katikati ili yaweze kutoka kwa kurudi nyuma, na kila gari linabeba nusu ya upana wa njia hiyo nyuma yake. Hapo tayari ni mita za mraba 20, kabla hujatoa geti, kona, mtaro, na ule mti wa jakaranda ambao hakuna atakayekubali ukatwe. Hesabu ya kweli ni mita 25 hadi 28 kwa gari moja, kwa hiyo ua ule unaingiza 36 hadi 40. Na zile Land Cruiser hardtop zenye namba za SM, yaani za serikali za mitaa, zipe urefu wa mita 5.5, la sivyo mikia yake italala njiani na mwenye Vitz upande wa pili atashinda akimtafuta dereva.

Linganisha mita hizo 25 na chumba anachokalia afisa. Wengi wenu mnakaa watu watatu kwenye chumba kisichofika hapo. Gari limepewa eneo kubwa kuliko mwenye gari, na hakuna aliyewahi kuliandikia barua ya kudai kodi.

Sasa chukua hesabu hiyo uipeleke mjini kati. Arusha ilianza kukua kuzunguka Boma la Wajerumani la mwaka 1900, na Mto Themi na Mto Naura imeubana mji ule wa zamani. Boma Road, Goliondoi na India Street hazitanuki hata ukiimba. Nafasi moja ya pembeni mwa barabara maeneo ya Mnara wa Saa, akiikalia mtumishi kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, imefungwa kwa saa 8. Mteja wa duka, benki au duka la dawa hukaa dakika 45 hivi. Ondoa muda ambao nafasi inakaa wazi kati ya mteja na mteja, bado wanapita kama wanane. Watumishi kumi waliopaki mbele ya maduka wamezuia wateja 80 kwa siku, na wenye maduka hayo ndio wanaolipa leseni na ushuru unaoendesha halmashauri.

Fedha nazo. Tuseme bei ni shilingi 500 kwa saa. Wewe weka ya kwenu. Nafasi iliyo na gari kwa asilimia 70 ya saa 8 inaingiza 2,800 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni 61,600 kwa mwezi. Nafasi 60 za watumishi ni 3,696,000 kwa mwezi, au 44,352,000 kwa mwaka. Kama makusanyo ya maegesho kwenu yanaingia kwenye mapato ya ndani, asilimia 10 yake ilipaswa kwenda kwenye mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: shilingi 4,435,200. Siku utakaposimama kudai upaki bure, jiandae kujibu swali la diwani anayetoka kata yenye vikundi hivyo, kwa sababu atauliza.

Na kuna jambo ambalo watumishi wa makao makuu hawapendi kulisikia. Wengi wa watumishi wa halmashauri hawako makao makuu. Ni walimu na wahudumu wa afya. Mwalimu anayetoka Muriet kwenda kufundisha Levolosi anapanda kifodi, ile daladala ndogo, anashuka, anapanda kingine, analipa mara mbili kwenda na mara mbili kurudi, na hakuna anayemrudishia hata shilingi. Aliye na gari kwa kawaida ndiye mwenye mshahara mkubwa. Maegesho ya bure yanampa nyongeza yule mwenye nacho na kumpita asiye nacho, tena nyongeza isiyoonekana popote kwenye bajeti. Tukubaliane kwamba hilo halipendezi, hata kama linakupendelea wewe.

Haya, hoja inayosimama. Wapo watumishi ambao gari lao ni kitendea kazi. Afisa afya anayekagua machinjio asubuhi na migahawa mchana. Mpima ardhi mwenye vyombo vyake. Mhandisi anayesubiri gari la ofisi ambalo limekwenda Dodoma. Muuguzi wa zamu ya usiku anayetoka kituoni saa ambayo hakuna kifodi. Mtumishi mwenye ulemavu, ambaye yeye anahitaji nafasi yenye upana wa mita 3.6 karibu na mlango, na njia isiyo na ngazi. Hawa wasilipe. Kuwatoza ni kuhamishia gharama za ofisi mfukoni mwa mtumishi. Ukiandika barua, iandike kwa ajili ya hawa, na utaje kazi. Usitaje majina wala vyeo.

Mahali nako kunabadilisha jibu. Ofisi ya kata yenye ua wa moramu ambao hakuna mtu angeulipia haipotezi kitu ikiruhusu watumishi wapaki bure, na kuajiri mtu wa kukusanya hapo ni kutumia elfu kumi kutafuta elfu mbili. Wanaotoza kila mahali kwa bei moja wanakosea sawasawa na wanaosamehe kila mahali. Moshi, kwa mfano, mjini kati unaumaliza kwa miguu bila jasho jingi. Ua ulio dakika saba au nane kutoka ofisini unaweza kuwa wa bure, na nafasi za karibu na soko zikatozwa kwa kila mtu, mkurugenzi akiwemo.

Mtasikia mifano ya nje. California ina sheria tangu 1992 inayowataka waajiri fulani wanaokodi maegesho wampe mfanyakazi chaguo: nafasi, au fedha taslimu ya thamani hiyo. Profesa Donald Shoup alizifuatilia kampuni nane za Los Angeles zilizofanya hivyo, na wanaoendesha peke yao garini walishuka kutoka asilimia 76 hadi 63. Nottingham, Uingereza, tangu 2012 inamtoza mwajiri mwenye nafasi 11 au zaidi za wafanyakazi, na fedha zinasaidia kulipia tramu. Mifano mizuri. Lakini ile ya California msiilete barazani kama ilivyo. Baraza la madiwani haliundi posho ya watumishi kwa azimio. Malipo ya mtumishi wa umma yanafuata Kanuni za Kudumu na nyaraka za Utumishi. Pendekezo la "tulipwe fedha badala ya nafasi" litakwama kwa mweka hazina wiki ileile, na likipenya, mkaguzi ataliandikia hoja. Kinachowezekana ni usafiri wa pamoja, na bei ya siku.

Bei ya siku, narudia, isiwe ya mwezi. Mtu akishalipia mwezi mzima anaona hasara asipoleta gari, basi analileta kila siku, hata siku ambayo jirani yake angempa lifti. Akilipa kwa siku, kila asubuhi anajiuliza kama inamlipa. Tofauti hiyo ndogo ya namna ya kulipa hupunguza magari bila kumkataza mtu.

Kabla ya yote, hesabuni. Kauntabuku moja, kalamu, na mtu mwenye miguu mizuri. Jumanne na Alhamisi, katikati ya mwezi, shule zikiwa zimefunguliwa. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni, kila nusu saa, anaandika namba ya kila gari lililo kwenye kila nafasi. Mtu mmoja anamudu nafasi 80 hadi 100 kwa mzunguko. Jioni mnatazama namba zilizojirudia zaidi ya mara nane mfululizo, maana hizo ni za waliokaa zaidi ya saa nne. Hapo ndipo hujulikana kwamba wanaolalamika kuhusu magari ya watalii kujaza mji ndio hao hao walioshinda wamepaki. Mnacholenga ni nafasi moja wazi katika kila saba. Zikiwa wazi tatu katika saba, bei ni kubwa mno au hapahitaji bei. Isipobaki hata moja, bei ni ndogo.

Kibali cha kupaki ndicho kinachoharibika haraka kuliko vyote. Stika ya karatasi inatolewa kopi kabla ya wiki kuisha, na mwezi wa pili utaikuta kwenye gari la shemeji anayeuza vipuri mtaa wa Unga Limited. Kibali kiandikwe namba ya gari, namba hizo ziingizwe kwenye mashine ya mkusanyaji, na kiwe na tarehe ya mwisho isiyozidi miezi sita. Mtumishi mwenye magari mawili aandikishe yote mawili, ila moja tu liwe ndani kwa wakati mmoja. Toeni vibali 48 kwa nafasi 40, maana siku zote wapo walio likizo, safarini au semina. Mwezi Juni, wakati wa kufunga hesabu, wote watakuwepo kwa pamoja na nafasi zitapungua. Tangazeni mapema ua wa akiba kwa wiki hizo.

Koni, ile inayowekwa kumtunzia bosi nafasi, ni ugonjwa wenyewe. Nafasi iliyoandikwa cheo inakaa tupu mwenyewe akiwa Dodoma wiki nzima, koni inalinda kivuli, na mwananchi mwenye mgonjwa anazungushwa nje. Kisha mlinzi anagundua kwamba koni ina soko, na ya chai inaanza kupita. Msimlaumu mlinzi. Kanuni ambayo haijaandikwa ukutani huandikwa na aliyesimama getini. Kama lazima viongozi wawe na nafasi, ziwe mbili au tatu, na ikifika saa 3 asubuhi mwenyewe hajafika, nafasi ni ya yeyote.

Pikipiki husahaulika, na ndizo zinazobeba watumishi vijana. Nafasi moja ya gari inachukua pikipiki tano, kila moja mita 1 kwa 2.5. Zimwagieni sakafu ya zege. Kwenye moramu, masika ikiingia, stendi huzama na zinaangukiana kama dhumna. Ua wote uwe na mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea mtaroni, na kwa kuwa moramu haishiki rangi, chora mistari kwa mawe yaliyozikwa nusu.

Basi la watumishi linafaa pale tu njia inapojaza viti: Usa River, Tengeru hadi Philips, au Ngaramtoni, Sakina hadi Mianzini. Coaster moja ikijaza watu 25 waliokuwa wakija na magari, imerudisha mita za mraba zaidi ya 600. Inakufa kwa njia moja tu, nayo inajulikana: inaombwa kwa msiba mmoja, kisha ziara, kisha mwenge, na baada ya wiki tatu za kusubiri kituoni watu wanarudia magari yao na hawalirudii basi tena. Iwe na ratiba iliyobandikwa, dereva wa akiba, na saini ya mkurugenzi peke yake ndiyo inayoweza kuitoa njiani siku ya kazi.

Uliuliza pia, mwishoni mwa ujumbe wako, kuhusu wale wenye nafasi zao tangu zamani. Msiwanyang'anye Jumatatu. Wapeni miezi sita: miwili ya kwanza bure na barua, miwili ya nusu bei, miwili ya bei kamili, huku ua wa mbali ukiwa bure muda wote huo. Wengi watahamia huko kwa hiari yao ifikapo mwezi wa tatu. Wawili watatu watabaki karibu na mlango wakilipa bei kamili, na hao waacheni, wanalipia wanachokitaka.