Droo ikikwama wakati wa mvua, randa iwe ya mwisho

Droo ikikataa kufunguka mwezi wa kumi na moja, usikimbilie kumwita fundi aje na randa. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mvua inaanza mwezi wa tisa na kutuachia mwezi wa tano, na muda wote huo mbao inafyonza unyevu wa hewa na kuvimba. Ukiipunguza ikiwa imevimba, itateleza vizuri hadi Pasaka. Kiangazi kikifika itanywea, na droo itabaki inacheza ndani ya kabati na uso wake umeinama. Mbao iliyokwisha kuondolewa hairudishwi.

Nina makabati mawili ya nguo, moja la mbao ya mti wa libuyu nililoachiwa na mama yangu, jingine la mkaratusi nililonunua kwa mafundi wa Kadutu. La mkaratusi ndilo lililonifundisha karibu yote ninayoandika hapa, maana lilitengenezwa kwa mbao ambazo hazikupewa muda wa kukauka. La libuyu huguna kidogo tu mvua zikikolea.

Kinachosaidia kuliko yote ni kujua mbao inavimbia upande gani. Kwa urefu, kufuata nyuzi zake, karibu haibadiliki kabisa. Kwa upana ndiko inakotanuka: ubao wenye upana wa sentimita 20 unaweza kuongezeka milimita moja au mbili kati ya kiangazi na mvua. Sasa tazama droo yako. Ubao wa mbele na zile za ubavuni zimelazwa, nyuzi zinakwenda mlalo. Basi droo inakua kwenda juu, haikui kushoto na kulia. Ndiyo maana droo kubwa ya chini, ile ya mashuka na vitenge, hukwama kwanza wakati ile fupi ya juu bado inaenda na kurudi bila shida.

Hapo unapata kipimo usicholipia. Droo ikikwaruza juu au chini, mshitaki mvua. Ikikwaruza ubavuni, mvua haina kosa, tafuta mwingine.

Mara nyingi huyo mwingine ni sakafu. Mji wetu umejengwa kwenye miteremko, na nyumba nyingi sakafu yake haikunyooka. Kabati likisimama mguu mmoja ukiwa hewani, fremu yote inapinda na droo zinabanwa kwenye kona. Laza chupa ya maji yenye maji nusu juu ya kabati. Kiputo cha hewa kitakuonyesha upande uliopanda. Kisha pima kwa kamba kutoka kona hadi kona ya fremu, mara mbili kwa mshazari. Vipimo viwili visipolingana, fremu imepinda. Weka kipande cha tripleksi (ubao mwembamba wa tabaka zilizogundishwa) chini ya mguu mfupi, upime tena. Usitumie kartoni iliyokunjwa. Itabonyea, na kwa unyevu huu itaoza.

Fremu ikiwa sawa na droo bado inagoma, chomoa droo nzima, pakaza chaki kwenye kingo za reli za mbao, irudishe, ifungue na kuifunga, kisha itoe tena. Chaki itakuwa imehamia pale panapogusana. Sehemu hizo mara nyingi zinang'aa pia, ukimulika na taa ya simu utaziona. Kumbe mara nyingine si mbao, ni kichwa cha msumari kilichochomoza, au soksi iliyoangukia nyuma ya droo. Jirani yangu mmoja alikuwa ameshaanza kujadiliana bei na fundi. Tulipoingiza mkono nyuma tukatoa kitambaa cha kichwa.

Pale panapogusana, sugua kwa kipande cha mshumaa mweupe, ule ule tunaowasha umeme ukikatika. Bonyeza kwa nguvu hadi uone tabaka la nta, kwenye reli na kwenye ukingo wa chini wa droo. Kama mbao ni mbaya na ina vibanzi, pitisha msasa laini kwanza, upanguse vumbi, ndipo upake nta. Sabuni kavu ya kipande nayo inafanya kazi, lakini inavuta unyevu, kwa hiyo hapa kwetu naiweka nafasi ya pili.

Mafuta ya kupikia, hapana. Na mawese, hapana mara mbili! Mafuta yanaingia ndani ya mbao, yanashika vumbi, yanageuka utomvu unaonata, na yakikutana na shati jeupe utajua mwenyewe. Nimeona pia watu wakipaka mafuta machafu ya pikipiki. Harufu yake itakaa ndani ya nguo za mtoto mwaka mzima.

Droo iliyovimba kweli kweli itoe, imimine vitu vyote, iache imesimama kwenye chumba chenye hewa kwa siku kadhaa. Usiiweke juani wala karibu na mbabula yenye makaa. Mbao ikikauka kwa fujo inapasuka na viungo vinaachia. Wakati huo angalia kabati limesimama wapi. Likiegemea ukuta wa nje unaotoa jasho, livute mbele kama vidole vinne. Na tuseme ukweli kuhusu nguo: mvua ikinyesha juma zima tunakunja nguo ambazo bado zina ubaridi wa maji, tunazisukumia ndani na kufunga. Unyevu huo hauna pa kwenda isipokuwa kwenye mbao.

Vanishi isubiri kiangazi. Mafundi wengi hupaka nje tu panapoonekana, ndani wanaacha mbao tupu, na unyevu unapitia huko huko. Mwezi wa saba, mbao ikiwa kavu, paka vanishi ndani ya droo na nyuma ya ubao wa mbele. Kingo zinazoteleza usizipake, hizo ziachie nta. Vanishi haizuii unyevu wote, ila inaupunguzia mwendo. Na ikiwa baada ya haya yote droo bado inakwama hata kiangazi, hapo ndipo randa inaruhusiwa, kidogo kidogo, pale chaki ilipoonyesha tu.

Kuna droo za reli za chuma zenye gololi. Hizo adui yake ni vumbi na skrubu zilizolegea. Pangusa reli kwa kitambaa kikavu. Skrubu ikizunguka bila kushika, jaza tundu kwa njiti za kiberiti zilizochovywa gundi ya mbao, subiri ikauke, kaza upya. Lakini kabati la maranda yaliyoshindiliwa likishalowa na kuvimba, halirudi kama zamani, hata ulikaushe namna gani.

Ukiagiza kabati jipya la mbao, angalia mwezi. Linalotengenezwa mwezi wa nne, mbao ikiwa imeshashiba unyevu, linaweza kubana vizuri. Ila ukiagiza mwezi wa saba, mwambie fundi aache nafasi ya milimita mbili au tatu juu ya kila droo, na zile ndefu kwenda juu aziongezee nafasi kidogo. Atakuambia, "Mama, itaonekana vibaya, watasema sijui kazi." Mwambie aache tu, na kabla ya kumpa pesa ya mwisho, chomoa kila droo uangalie kitako chake: kiwe kimeingizwa ndani ya mfereji pande zote, kisiwe kimepigiliwa misumari kwa chini, maana kilichopigiliwa ndicho kitakacholegea na kuanza kukwaruza nguo za droo inayofuata.