Loch Shiel peke yako kwa mtumbwi: maswali yenu

Kiangazi kikikaribia, ndugu zetu walioko Uingereza huniuliza sana kuhusu safari za mtumbwi na hema huko Uskoti. Najibu kwa kutumia ziwa moja ninalolipenda mno, Loch Shiel: kilomita kama 28 kutoka Glenfinnan hadi Acharacle, milima huku na huku, na mwendo mrefu bila kuona nyumba.

Nahitaji kibali cha kulala ufukweni? (Msomaji, Leicester)

Hapana. Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita majini na nchi kavu na kupiga hema, mradi awe mwangalifu. Hema liwe dogo, mbali na nyumba za watu, na usikae mahali pamoja zaidi ya usiku mbili tatu. Choo chimba mita 30 au zaidi kutoka majini. Miti iacheni, hata iliyokauka. Pikeni kwa jiko la gesi. Ila msidhani ni hivyo kila mahali: sehemu za kandokando ya Loch Lomond zinahitaji kibali kuanzia Machi hadi Septemba.

Nimekulia Kigoma, mtumbwi naujua na kuogelea naogelea. Kuna ugumu gani? (Msomaji, Glasgow)

Upepo na baridi, kaka, na vyote viwili ni vizito kuliko unavyofikiri.

Ziwa limelala kaskazini mashariki kwenda kusini magharibi, na upepo wa kawaida wa huko hutoka kusini magharibi. Milima inaubana, nao unapita bondeni kwa nguvu. Ukianzia Glenfinnan unaukabili uso kwa uso. Ukikaa tezi, yaani nyuma, peke yako, omo, yaani mbele, linainuka, upepo unalidaka na kuugeuza mtumbwi ubavu kwa mawimbi, na hapo kafi yako haifui dafu. Piga magoti karibu na katikati, kisha sogeza mzigo mbele yako hadi omo lizame kidogo kuliko tezi. Mtumbwi wenyewe utatafuta upepo. Upepo ukiwa mgongoni, rudisha mzigo nyuma. Begi moja la chakula likisogea hatua moja tu, utasikia tofauti kwenye kafi papo hapo. Utabiri ukisema kusini magharibi, mimi ningeanzia Acharacle.

Ingia majini mapema. Juni kunapambazuka kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na mara nyingi ziwa hutulia saa hizo. Fuata ufuko, usikate katikati ili kufupisha njia.

Sasa baridi. Mwezi wa Mei maji hayo mara nyingi hayafiki nyuzi 10. Ukitumbukia, dakika ya kwanza unahema bila kutaka, na pumzi moja ya maji inatosha kukuua. Baada ya dakika kumi hivi vidole haviwezi kufunga hata kifungo. Kwa hiyo jaketi la kuokolea livaliwe na kufungwa wakati wote, pamoja na suti isiyopitisha maji. Nguo kavu ziwe kwenye mfuko uliofungwa mtumbwini.

Simu itashika? (Dada mmoja, Birmingham)

Usiitegemee. Beba kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti, kikiwa kimesajiliwa, na kikae mwilini mwako, kisiwe begini. Kabla ya kuondoka tuma neno "register" kwenda 999, ufuate maelekezo, ili uweze kuomba msaada kwa ujumbe mahali ambapo sauti haipiti. Pia muachie mtu ramani yako na saa ambayo, asipokusikia, awapigie polisi.

Kuna mbu?

Kuna visubi, wengi ajabu, kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Septemba. Hawahimili upepo, basi piga hema kwenye rasi iliyo wazi na uvae chandarua cha kichwa. Kila jioni jikague kupe, maana wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme.

Naweza kulala kisiwani?

Eilean Fhianain, ambacho ndicho wengi hukiulizia, kina makaburi na magofu ya kanisa. Shuka, tembea kwa heshima, kisha ukapige hema bara.