Maswali na Majibu: Uchawi wa Riwayani na Masharti Yake

Barua za safari hii karibu zote zinahusu uchawi unaobuniwa na waandishi wa riwaya za fantasia. Nimechagua saba. Zile zilizouliza kama kuandika hadithi za namna hii ni dhambi nimewaachia wenye elimu hiyo.

Mhusika wangu mkuu anaruka angani, anajigeuza mnyama, anasoma mawazo ya watu na hadhuriwi na silaha yoyote. Wasomaji wanasema wanachoka wakifika sura ya nne. Nimekosea wapi? (Morogoro)

Wasomaji wako ni wavumilivu, ndugu yangu. Mimi ningechoka sura ya pili. Asiyedhurika hana la kuogopa, na asiye na la kuogopa hana la kuamua, kwa hiyo kazi inayombakia ni kututambia. Hukuwa na haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa jambo hili likifanywa kwa ustadi. Fumo Liyongo naye mwili wake ulikuwa haupenyeki kwa chuma, lakini waliomsimulia, akiwemo Muhammad Kijumwa aliyezitungia habari zake utenzi mwaka 1913, walimwachia tundu moja: sindano ya shaba, kitovuni.

Tazama tundu hilo lilivyowekwa. Kitovu hakifikiwi vitani. Anayeweza kukifikia kwa sindano ni mtu aliyeachiwa akae karibu na Liyongo akiwa amelala. Ndiyo maana adui zake, baada ya hila zao nyingine kushindwa, walimtuma mwanawe mwenyewe kwa ahadi ya kuozwa mke, na kuanzia hapo hadithi ya vita ikawa hadithi ya nyumbani. Kijana akauliza, baba akajibu. Baada ya kuchomwa, Liyongo alitwaa upinde wake, akaenda hadi kisimani, akapiga goti na mshale ukiwa tayari, akafa vivyo hivyo. Na watu wa mji, wakidhani yu hai na amekasirika, hawakuthubutu kusogea kuteka maji. Ondoa ile sindano uone kitakachosalia: mtu mwenye nguvu, siku baada ya siku.

Kisha ukumbuke namna alivyotoka kifungoni. Hakutoka kwa uchawi. Alimtuma kijakazi Saada kwa mama yake, mama akaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake, walinzi wakala vile vitamu na kumtupia mfungwa ule mkate mbovu, naye akakereza pingu huku vishindo vya ngoma ya gungu vikifunika sauti ya tupa. Mwili usiopenyeka haumfai mtu kitu mbele ya minyororo. Mfungie na wewe mhusika wako mahali ambapo uwezo wake hauna kazi, tuone kama ana akili na kama ana mama. Kabla ya hapo, mnyang'anye uwezo wa aina tatu kati ya hizo nne, na ule utakaobaki uutilie sharti.

Je, ni lazima nieleze jinsi uchawi wangu unavyofanya kazi? (Kisumu)

Inategemea unautuma kazi gani. Mwaka 2007 Brandon Sanderson, mwandishi wa fantasia wa Marekani, alilitungia jambo hili kanuni: kadiri msomaji anavyouelewa uchawi, ndivyo mwandishi anavyoweza kuutumia kutatua matatizo ya wahusika na msomaji akaridhika. Katika riwaya zake za Mistborn, wenye kipaji humeza vipande vya metali na kuviunguza tumboni. Anayeunguza feleji anaweza kukisukuma kitu cha metali kilicho karibu, lakini kwa mstari ulionyooka tu kutoka mwilini mwake, na kitu kikiwa kizito kumshinda, anayerudi nyuma ni yeye. Kwa hiyo mtu hudondosha sarafu na kuisukuma. Sarafu ikigonga ardhi haina tena pa kwenda, naye hupaa. Msomaji aliyeliona hilo mara mbili, akimkuta mhusika anaanguka kutoka ghorofani na sarafu moja mfukoni, hahitaji kuambiwa kitakachofuata. Anafurahi kwa sababu amewahi kulipata jibu kabla ya kusimuliwa.

Mzimu, kwa upande mwingine, hauelezwi. Ukitaka pango ambamo watu huacha ubani na vitambaa vyekundu bila kujua anayevipokea ni nani, usithubutu kutuletea ramani yake. Utamu wote umo katika kutojua. Ila pango hilo lisije likamwokoa shujaa wako. Lisiloelezwa na litie hofu, liharibu safari, lidai haki yake, lakini lisilipe madeni ya mwandishi. Barua nyingi ninazopokea zinataka yote mawili, fumbo la mzimu na msaada wa fundi, na ndipo riwaya inapopasuka.

Naomba orodha ya nguvu za kichawi ambazo hazijawahi kutumiwa na mwandishi yeyote. (Dodoma)

Sina, na swali hili nimekwisha kulijibu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nguvu zote zimetumiwa. Katafute sharti ambalo halijatumiwa.

Mchawi katika hadithi yangu ni bibi kizee mwenye macho mekundu, anaishi peke yake. Nimpe paka au bundi? (Mwanza)

Mpe majirani, kisha uwaandike hao majirani. Najua hukuniuliza hivyo, lakini nitajibu hivyo. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho hayo hayo, ambayo aghalabu yamewiva kwa moshi, baada ya miaka mingi ya kuinama mbele ya mafiga na kupuliza moto wa kuni na wa samadi kavu ya ng'ombe. Watu wenye ualbino nao wamekatwa viungo kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Uchawi wako ni wa kubuni, lakini alama unazoubandika umeziokota kwa watu wa kweli: uzee, ujane, ngozi, macho. Fantasia inakuruhusu kubuni alama yoyote duniani. Unaweza kumtambulisha mchawi kwa kivuli kinachomtangulia hata jua likiwa usoni pake. Sasa kwa nini uazime ile ambayo watu wameitumia kama ruhusa ya kunoa panga?

Hata ukiniona mkali bure, zingatia basi ufundi. Msomaji anayajua macho mekundu tangu utotoni, hivyo akifika mstari wa tatu amekwisha kumhukumu bibi huyo, na kurasa themanini zinazobaki hazina siri ya kumfichulia.

Katika sura ya mwisho jini anatokea baharini na kuwaangamiza maadui wote. Mhariri wangu ameikataa sura hiyo. Nani yuko sahihi kati yetu? (Mombasa)

Mhariri. Mlete jini huyo sura ya kwanza, akimdai shujaa kitu asichotaka kukitoa, nami nitalifikiria upya jibu langu.

Katika michezo ya kompyuta mchawi huwa na akiba ya nguvu inayopungua anapoitumia na kujaa tena akipumzika. Akiba hiyo niiite nini kwa Kiswahili? (Dar es Salaam)

Kabla ya kuipa jina, jiulize kama unaihitaji. Kipimo cha namna hiyo kinamfaa mchezaji, kwa sababu yeye ndiye anayeamua akitumie lini. Msomaji hana kitufe cha kubonyeza, na kumwambia kwamba shujaa amebakiwa na theluthi moja ya nguvu ni sawa na kumsomea mita ya umeme ya jirani.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba waandishi wetu huagiza msamiati kutoka ng'ambo huku wakilala juu ya hazina. Lichukue neno fingo. Fingo ni dawa ya kiganga inayozikwa ardhini. Kwa kuwa huzikwa, lina mahali. Kwa kuwa lina mahali, linaweza kufukuliwa. Na aliyelizika anaweza kufa bila kumwonyesha mtu, halafu wajukuu wakagawana kiwanja na mmoja wao akachimba msingi wa nyumba. Hujaandika bado, na tayari una nusu ya riwaya kutoka katika neno moja. Hirizi huvaliwa, hivyo huvuliwa, huibwa, husahaulika bafuni. Chale ziko ndani ya ngozi, hazivuliki, na kila akivua shati zinaonekana. Kutabana, yaani kutamka maneno ya uganga, kunahitaji mdomo ulio huru. Neno masharti lenyewe tumelizoea kwa waganga: usigeuke nyuma, usimjibu atakayekusalimu njiani, usivuke mto kabla ya jua kuchwa. Aliyekulia katika lugha hii anajua kwamba hakuna dawa isiyo na sharti, na anajua pia kwamba lazima atatokea mtu wa kumsalimu njiani.

Onyo: usiyachanganye maneno haya ovyo. Nimesoma mswada mmoja ambamo mtu "amevaa fingo shingoni". Sikuendelea.

Mhusika wangu hulipia uchawi kwa tone moja la damu kidoleni kila anapotabana. Rafiki yangu anasema gharama hiyo ni ndogo mno. Je, nimkate mkono? (Zanzibar)

Rafiki yako ameona kasoro, ila tiba siyo kuongeza damu, kwani damu ndiyo gharama iliyochakaa kuliko zote. Kidole kinachotobolewa leo hupona kesho, na mkono uliokatwa humhuzunisha msomaji kwa sura moja tu, kisha anauzoea. Tafuta gharama inayogusa anachokipenda. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1952, ndugu wawili waliomtendea Adili uovu wanageuzwa manyani. Mwandishi mvivu angeishia hapo, kwa kuwa wabaya wamekwisha kuadhibiwa. Lakini sharti linamwangukia asiye na kosa: ni Adili anayelazimika kuwapiga kila usiku, kwa mkono wake mwenyewe, ilhali bado anawapenda. Anaponyanyua kiboko, msomaji hajui amhurumie nani kati ya watatu wale.

Kwa hiyo liache tone lako, ila kila likidondoka mhusika asahau jina la mtu mmoja anayemfahamu. Aanze na wauza samaki wa Darajani, ambapo hasara haitaonekana. Afuate mwalimu wake wa chuo, ambaye atachukia kidogo. Kufika sura ya nane awe amesimama usiku nje ya nyumba aliyozaliwa, anapiga hodi, na sauti ya kike kutoka ndani inamuuliza anamtaka nani.