Ule ute kwenye mashine ya miwa

Ndugu yangu, umeuliza kama ule ute unaoteleza kwenye rola za mashine ya juisi ya miwa pale stejini Githurai ni sukari iliyokauka tu, na kama bakteria wake wanashinda antibiotiki. Ni utando wa bakteria, ila sukari ndiyo malighafi. Wale wa jamii ya Leuconostoc wana kimeng'enya kinachoikata sukari ya miwa na kuunganisha glukosi yake kuwa minyororo mirefu inayonata, dekstrani. Viwanda vya sukari vinaijua sana, maana huvizibia vichujio. Kumwagia maji hakutoshi: sugua kwa brashi na sabuni mpaka rola isiteleze tena kidoleni, ndiyo uweke klorini.

Antibiotiki sasa. Ndani ya utando baadhi ya bakteria hulala, yaani hawakui, na dawa nyingi huua anayekua. Si usugu wa kurithi huo. Wakiamka, dawa inawaweza. Na hapa pananifurahisha: mwaka 2011 watafiti Marekani waliwapa bakteria waliolala sukari kama manitoli pamoja na antibiotiki iitwayo gentamisini. Sukari iliwapa nguvu kidogo, na kwa nguvu hiyo wakaivuta dawa wenyewe, wakafa. Ilikuwa maabara na kwa panya, kwa hiyo usianze kukorogea vidonge vya kemisti kwenye juisi.