Tawi la Freemason linataka laki mbili na nusu kwa simu?

Pole dadangu, nimekuelewa. Kaka ako yuko Mbagala, kuna mtu wa "tawi" la Freemason anamwambia atume laki mbili na nusu ili makao makuu London wampitishe awe mwanachama. Mwambie asitume hata mia. Jirani yangu alimaliza mtaji wake wote hivi hivi, ndo maana naongea kwa uchungu.

Tawi la kweli linaitwa loji na halijianzishii tu, lazima lipewe hati na Loji Kuu, kwa hawa wa mfumo wa Kiingereza ni ile ya London iliyoanza 1717, halafu katikati kuna Loji Kuu ya Wilaya ya Afrika Mashariki inayosimamia loji za Kenya, Uganda na huku kwetu. Loji inachagua mkuu wake kila mwaka, inapeleka juu majina ya wanachama na ada zao, ikivunja kanuni inasimamishwa au inafutwa kabisa. Mwombaji anahojiwa uso kwa uso, wanachama wanampigia kura ya siri, na utajiri hauahidiwi. Ada ipo ila sio ya kutuma kwa namba ya mtu hamjawahi hata kuonana.

Sasa msifute meseji, pigeni skrinshoti, namba ya huyo tapeli itumeni 15040, ndo namba ya kuripoti matapeli wa simu hapa Tanzania. Kama keshatuma hela apigie mtandao wake saa hiyo hiyo wajaribu kuzuia muamala, kisha polisi. Na kama wanamtishia kwamba akijitoa atakufa, usimwache peke yake jamani, kaa nae, watu wanakopa kwa siri kwa woga huo.