Jibu: Chuma cha kulehemu kwa kazi za sola pasipo na soketi

Habari mkuu. Unafunga sola mahali pasipo na soketi, na chuma chako cha betri ndogo za AA kinashindwa kuyeyusha lehemu kwenye waya wa 4 mm². Angalia wati kwanza. Vingi vya AA havifiki hata 10W. Vinafaa nyaya nyembamba za redio tu, maana shaba nene hunyonya joto kabla ncha haijalirudisha.

Kwa kazi yako ningechukua TS100, chuma kidogo cha kulehemu kinachotumia umeme wa DC (kama wa betri). Lakini volti ndizo zinazoamua: kwa 12V inatoa takriban 17W, kwa 24V hufika 65W. Ndiyo maana ukiibana kwenye betri moja ya sola ya 12V utaiona dhaifu, ukadhani umeuziwa feki. Usiunganishe betri mbili za 12V mfululizo. Zikijaa huvuka 25V, na kikomo cha TS100 ni 24V. Tumia betri ya drili ya 18V, ambayo ikijaa huwa kama 21V. Ikishuka hadi 15V simamisha kazi, vinginevyo utaua seli.

Chuma cha gesi ya butani kina nguvu ya kutosha, ila tundu la pembeni hutoa hewa ya moto inayoyeyusha ganda la waya wa jirani. Na kamwe usikiwashe karibu na betri ya asidi inayochajiwa: inatoa hidrojeni, inaweza kulipuka.

Nyaya za betri za 16 mm² usizilehemu kwa chochote kati ya hivi. Weka lagi (kichwa cha chuma cha mwisho wa waya), ubane kwa koleo lake.