Gego Lililozibwa Mzizi Linauma Tena
SWALI: Daktari, gego langu lilitibiwa mzizi zamani, na sasa laniuma nitafunapo. Tabibu wa hapa Malindi asema ataondoa kwanza dawa iliyozibiwa ndani. Huitoaje?

JIBU: Kilichomo, kwa kawaida, ni gutapacha, utomvu mgumu wa mti unaolainika kwa joto, ulioshikizwa kwa saruji maalumu. Baada ya ganzi, sehemu ya juu hulainishwa kwa ncha ya moto, kisha huchimbuliwa kwa tupa nyembamba zinazozunguka. Kule chini, ambako mfereji wa ndani ya mzizi hupinda, hutakiwa tupa za mkono na subira nyingi, kwani kiyeyushi, yaani dawa ya kuyeyushia gutapacha, kikizidi huacha utando ukutani mwa mfereji, nao huzuia dawa ya kuulia vijidudu isipenye. Mabaki machache husalia hata kwa fundi hodari, kwa hivyo mwombe akuonyeshe picha ya eksirei kabla hajaziba upya.